Shairi Lisilo na Mlengwa

Jumatatu, 29 Septemba

Muhula umeanza. Nimehamia nyumba ya Winson Green, hapa Birmingham, chumba cha juu chenye dirisha moja. Dirisha linatazama paa za nyumba zilizoshikana, na nyuma ya paa hizo ukuta wa gereza. Asubuhi jua liliupiga ukuta ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na kwa kitambo nilisahau ni ukuta wa nini.

Chumba cha chini anakaa Milka, Mkenya, nesi wa zamu za usiku. Alinisaidia kupandisha sanduku la vitabu. Alilifikisha ngazi ya nne, akaliweka chini, akaniuliza kama nimehama na kaburi la mtu. Nadhani tutapatana.

Nimeamua kuandika shajara hii kwa Kiswahili kitupu. Tasnifu yangu ni juu ya washairi wa Chikano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wanaoweka Kihispania na Kiingereza ndani ya mstari mmoja, kama mtu anayetoka chumba hadi chumba nyumbani kwake bila kubisha hodi. Wengi wao walichapwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao. Mimi hakuna aliyenichapa. Nilitoka Unguja nina miaka kumi na mmoja, sasa nina ishirini na mitano, na Kiswahili kimenipungua chenyewe, taratibu, bila mtu wa kumlaumu. Mchana kutwa nitasoma waliochanganya. Nataka saa moja ya siku nisichanganye, nione kimebaki nini.

Jumamosi, 4 Oktoba

Basi la kumi na moja huzunguka jiji bila kuingia katikati. Nalipanda hapa, nakaa juu, kiti cha mbele, na baada ya saa nzima na ushei ya miti inayogeuka rangi nashuka Acocks Green, kwa Bi Shemsa. Njiani sisomi. Matawi hugonga kioo, nami huwa kati ya kulala na kuamka, na mistari hunijia wakati huo tu.

Bi Shemsa alikuwa mwalimu Unguja. Hapa alipika shuleni miaka kumi na tisa hadi akastaafu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanawake saba wanane wa kwetu hukusanyika kwake: dua, chai, kisha mashairi. Jumamosi nyingine naenda peke yangu anifundishe. Leo nilimsomea mstari wangu, akahesabu mizani kwa vidole juu ya goti, akafika tisa badala ya nane.

"Huyu mguu mmoja kavaa viatu viwili," akasema. "Mvue kimoja."

Alinieleza pia desturi ya kikao, kwa kuwa mwisho wa mwezi huu nitasoma kwa mara ya kwanza. Anayesoma hutaja kwanza mlengwa, yaani shairi analipeleka kwa nani. Nampelekea mume wangu anayekoroma. Nampelekea marehemu mama. Asiyetaja mlengwa, wanawake humtafutia, na hawajapata kumkosa. Nikacheka. Nilimwambia kuwa chuoni shairi halimlengi mtu, lina dhamira. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea chai.

Ukutani ipo picha ya Haidari, mwanawe wa pekee, aliyezaliwa hapa. Tangu masika yuko Aberdeen, kwenye mitambo ya mafuta baharini, ambako Bi Shemsa anasema simu hazishiki. Nilipouliza atarudi lini alisema kazi za baharini hazina tarehe, akaenda kutazama jiko ambalo halikuwa na kitu.

Jumanne, 7 Oktoba

Ukungu tangu alfajiri. Nilitoka mchana kwenda chuoni na mtaa ulikuwa umefutwa, ukabaki ukuta peke yake, bila mwisho upande wowote. Langoni palikuwa na foleni ya wageni wa wafungwa. Mwanamke mmoja alisimama kando kidogo ya wenzake, ushungi wa samawati, mkononi mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo: pochi, funguo, hati ya kusafiria. Ukungu ulikuwa ukimmeza na kumrudisha. Sikumjua. Nilivuka barabara nikashika njia ya mfereji, na hadi nafika chuoni nilikuwa naye kichwani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Nimesoma kurasa tisini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bi Shemsa ana mafua. Hakuna somo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Shairi limekuja. Limekuja lote pamoja, kwa lugha mbili, juu ya basi, na nilishuka vituo vitatu mbele ya changu. Nalinakili hapa, ingawa navunja ahadi yangu ya Kiswahili kitupu.

At the gate a woman waits,
ushungi wa samawati, pindo la uzi mweupe.
They count her in, they count her out,
mkononi kila kitu chaonekana ila mwenyewe.
No one calls her by her name,
nami ng'ambo ya barabara, nikapita kama siye.

Nililipeleka kwa msimamizi wangu, Dk. Charanjit. Ni mama wa makamo, nywele fupi, sauti ndogo. Kipunjabi chake, anasema, alikiacha jikoni kwa mama yake na hajarudi kukichukua. Alilisoma mara mbili, mistari ya Kiswahili akaisoma kwa sauti, vibaya, kwa heshima kubwa. Akasema nusu asiyoielewa ndiyo iliyomgusa. Anataka nilisome kwenye jioni ya mashairi ya idara, tarehe kumi Desemba, na liingie katika kijitabu. Nilitoka ofisini mwake siuhisi mwili wangu. Majani yalikuwa yakianguka uani bila upepo, moja moja, na niliyaona yote.

Ijumaa, 17 Oktoba

Milka amelisoma. Alikuwa ametoka zamu, anakula mkate amesimama. "Ni poa," akasema. "Lakini si ungemsalimia tu huyo mama?"

Nilimwambia kuwa ni shairi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kikao. Nataka kuandika yaliyotokea kwa mpangilio wake, kwa sababu sielewi.

Walikuwa wanane. Bi Aida, ambaye hucheka kabla ya kichekesho kufika, alisoma la kwanza, akampelekea fundi aliyemwekea bomba linalovuja, tukacheka wote. Kisha mwingine akasoma la kumwombea dada yake. Bi Shemsa alikuwa mwenye furaha, anapitisha visheti, anawakosoa vina bila kuwaumiza. Zamu yangu ikafika. Nikasimama. Sikumtaja mlengwa yeyote. Sitasema nilisahau. Niliona ni desturi ya kizee na shairi langu limeipita.

Nilisoma. Nilipofika kwenye pindo la uzi mweupe Bi Aida aliweka kikombe chini. Nilidhani nimewashika. Niliendelea kwa sauti ya chini zaidi, kama nilivyojizoeza mbele ya kioo, nikamaliza.

Hakuna aliyeshangilia. Wanawake hawa hushangilia hata shairi la bomba. Mmoja alitazama saa yake. Bi Shemsa alisimama akaanza kukusanya vikombe, na cha Bi Aida kilikuwa bado nusu.

"Kiingereza chake kizuri," Bi Shemsa akasema, akiwa ameelekea jikoni.

Kwenye basi nilikaa chini, nyuma.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Giza saa kumi na moja. Nimempigia Bi Shemsa, hakupokea.

Jumamosi, 1 Novemba

Nilienda kwa somo langu. Taa ya sebule iliwaka, pazia likatikisika, mlango haukufunguliwa. Nilibonyeza kengele mara mbili. Sikutaka ya tatu isikike kwa majirani. Nimerudi kwa basi lile lile upande wa pili wa jiji, na sasa nimeuzunguka mji mzima kwa siku moja bila kuingia nyumba ya mtu.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Sikupita langoni.

Jumatano, 5 Novemba

Bi Aida amenipigia simu. Aliuliza afya yangu, afya ya mama yangu, masomo, baridi, chumba, na baada ya hayo yote akashusha pumzi.

"Mwanangu Iman, lile pindo alilishona mbele yetu. Ramadhani iliyopita, sebuleni pale pale, uzi mweupe kwa kuwa wa samawati ulimwishia. Tulimtania wiki nzima. Hakuna ushungi mwingine wa vile Birmingham hii."

Nilikaa kitandani.

"Sasa hiyo Aberdeen ya Haidari," akasema, "kumbe iko Winson Green."

Nilimwambia sikumkusudia Bi Shemsa. Akasema hakuna shairi la kike lisilo na mtu wake, na kama nilitaka kuandika ukuta ningeandika ukuta, pindo nililifuata nini? Alisema hayo bila ukali. Bi Shemsa ametuma ujumbe kwenye kundi kuwa kikao cha Novemba hakitakuwepo, na hajibu simu ya mtu. Bi Aida hakuwa na furaha ya mtu aliyepata siri. Alikuwa kama aliyefungua mlango wa choo na kumkuta mtu ndani. Nilikuwa nikimhesabu kuwa mpiga soga. Kabla ya kukata aliniambia nivae soksi nzito.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeisoma tena siku ya tarehe saba Oktoba. Nimeandika pale: sikumjua.

Nilimjua.

Nilimjua kwa namna anavyosimama, mguu wa kulia mbele kidogo, kama anayengoja darasa linyamaze. Nilijua kabla ya ukungu kupasuka. Pindo nililiona baadaye. Nilivuka barabara ili asinione, nikajiambia ni kwa ajili yake, nimhifadhie aibu yake. Hilo ni kweli robo. Robo tatu ni hii: nilipomwona pale, kabla ya huruma, kabla ya mshangao, kilichonijia ni furaha. Nilijua nimepata shairi. Niliharakisha nisilimwage njiani.

Kisha nikaandika katika kitabu hiki, ambacho hakisomwi na mtu, kuwa sikumjua. Nilimdanganya nani?

Nimewafikiria washairi wangu. Nimeandika kurasa arobaini juu ya kuchanganya kwao: mdundo, mpaka, utambulisho. Sikujiuliza ni nani hukaa katika nusu ipi. Katika shairi langu nusu ya Kiingereza haimjui mtu. Ni lango, ni mwanamke, anaweza kuwa yeyote. Nusu ya Kiswahili ndiyo yenye ushungi na uzi. Chuoni nimewapa ukuta. Kwa wanawake wanane wa Acocks Green nimempeleka Bi Shemsa kichwa wazi. Na nilikuwa nikiogopa nisije nikampoteza kwa kusahau lugha. Sasa nampoteza kwa kuikumbuka.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikwenda chuoni. Milka alinipikia ugali akauacha mlangoni kama wa mgonjwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Bi Shemsa amejibu.

Ni sauti tu, sekunde thelathini. Hakuna salamu, hakuna jina. Nilikuwa kwenye daraja la mfereji, na maji chini yalikuwa yametulia kiasi cha kuonyesha mawingu yakipita chini ya miguu yangu. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika ukingo.

Uliniona langoni, mwanangu hukunijia,
Ushungi wangu kichwani, pindo ukalisifia,
Baridi i mifupani, salamu ningesikia,
Waniandika nyumbani, njiani wanikimbia.

Nimehesabu. Nane kwa nane, kila mstari, hakuna mguu wenye viatu viwili. Nimeusikiliza mara ishirini pengine. Siku zote hizi nilikuwa nikijiandaa kuomba radhi kwa kumfichua. Sikusikia hilo humo hata neno moja. Analilia salamu. Nilimwona amesimama peke yake kwenye baridi, nikapita.

Milka alisema hivyo hivyo, mkate mdomoni, mwezi mzima uliopita, na nilimjibu kuwa ni shairi.

Jumanne, 18 Novemba

Aliyepelekewa ubeti hana budi kujibu kwa vina vile vile. Nimeandika mistari ishirini. Yote ina mizani. Yote inajitetea.

Alhamisi, 20 Novemba

Dk. Charanjit ameniita juu ya kijitabu, kinakwenda kuchapwa. Nilimweleza. Nilitarajia aniambie juu ya uhuru wa msanii. Alifikiri, akapendekeza nisome nusu ya Kiingereza peke yake: hakuna atakayetambuliwa. Nikamsomea pale pale, mistari mitatu. Lango, mwanamke, kuhesabiwa, jina. Ilichukua pumzi moja. Tulipomaliza kusikiliza sote tuliona aibu kidogo, kama tuliokaribisha watu tukawapa sahani tupu.

Akaniambia kitu ambacho sikumdhania. Alipokuwa binti aliandika hadithi juu ya mama yake, ikapata tuzo, ikachapwa gazetini. Mama yake hakujua kusoma Kiingereza. Aliikata akaibandika kwenye friji, na ilikaa pale miaka sita, hadithi isiyomsifu, yeye akiwaonyesha wageni. "Wewe angalau wako amekujibu," akasema. Ukurasa wangu wa kijitabu ameuondoa. Jina langu kwenye jioni yenyewe ameliacha, nitaamua mwenyewe.

Nilimdhania mtu wa kupenda lugha asizozielewa kwa kuwa hazimdai chochote. Sivyo.

Jumanne, 25 Novemba

Nimekwenda langoni.

Nilifika saa saba na nusu, kabla ya foleni. Baridi kavu, jua dogo jeupe, pumzi za watu zikipanda na kukaa juu yao. Sikuwa na ubeti mfukoni. Nilisimama upande wa lango na nikajihisi natazamwa na kila dirisha la mtaa, ingawa hakuna aliyenitazama. Ndivyo inavyokuwa, basi. Alisimama hivi tangu masika.

Bi Shemsa alitokea kona ya kituo cha basi, mguu wa kulia mbele. Ushungi ulikuwa ule ule. Aliponiona hakupunguza mwendo wala hakuongeza.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

Aliweka ushungi sawa. Nadhani nilisikia tramu ikija, ikasimama, ikaondoka.

"Marahaba," akasema. "Umekuja bila ubeti?"

"Sikuweza."

"Najua hukuweza. Nilikuwekea vina vigumu makusudi." Akanitazama miguu. "Na soksi zako hizo. Utaugua."

Tulisimama pamoja mpaka mlango ulipofunguliwa. Kuingia siwezi, simo kwenye orodha. Alinipa glavu zake kwa kuwa ndani kuna joto, nami nikamngoja nje, karibu saa mbili. Sijui kama nimewahi kusubiri kitu kwa muda huo bila kitabu. Wingu moja lilivuka kutoka ukuta hadi mabomba ya paa la mwisho. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akimngoja mkewe ndani ya gari, akanionyesha kwa mkono niingie nikae, nikakataa.

Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuogelea. Aliniambia yote tukielekea kituoni, kwa sauti ya kueleza bei za sokoni. Haidari aliendesha gari la watu ambao hakuwajua kama alivyodhani, ndani kulikuwa na mzigo, na alijua ya kutosha asiweze kuapa kuwa hakujua. Miezi kumi na minane. Aberdeen aliitunga yeye, siku ya hukumu, kwenye simu na Bi Aida, ndilo jina lililomjia. Kisha ikabidi aijenge: meli, mitambo, chakula kibaya. Alisema uongo nao una vina, ukianza mmoja unadai wa pili.

Nilimwambia kuwa nilimwona siku ile, nilimjua, na nilivuka kwa sababu nilitaka shairi. Sikuongeza la kujitetea.

"Hilo nalijua," akasema. "Kama hukunijua usingeandika 'kama siye'."

Basi likaja. Alipanda bila kuniaga, akakaa dirishani, na lilipoanza kuondoka akaniinulia mkono mtupu. Glavu nilikuwa nazo mimi.

Ijumaa, 28 Novemba

Ujumbe kwenye kundi: kikao kesho kipo. Bi Shemsa.

Jumamosi, 29 Novemba

Walikuja wote, hata wasiokuja kwa kawaida. Chai ilinywewa kimya, visheti vikaliwa kimya. Bi Aida alijaribu habari za hali ya hewa. Nilikaa karibu na mlango.

Bi Shemsa alisimama kabla ya mtu yeyote. Alikuwa amevaa ushungi wa samawati, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sijapata kumwona amejifunga ushungi mbele ya wanawake peke yao.

"Shairi hili," akasema, "nampelekea Iman, aliyeniona nje ya gereza nilipokwenda kumtazama mwanangu."

Akasoma ubeti ule wote, kwa sauti ya darasani. Wakati wa neno baridi sauti ilimkatika, akarudia mstari tangu mwanzo ili mizani itimie.

Akakaa. Sebule ilikuwa na mwanga ule wa saa tisa alasiri wa majira haya, wa manjano, unaoingia ubavuni na kuzionyesha nyuso kama zimechorwa. Haidari alikuwa anacheka ukutani. Nilimwona Bi Aida anafungua mkoba wake, anatafuta miwani, anaivaa, anatoa simu.

"Siku za kuonana ni zipi?" akauliza.

"Jumanne," Bi Shemsa akasema. "Saa nane."

"Jumanne nina daktari wa goti." Akabonyeza, akafikiri. "Nitaliahirisha goti."

Mwingine akauliza kama sambusa zinaruhusiwa, akaambiwa haziruhusiwi, akasema basi atakwenda mikono mitupu lakini si haki. Wakaanza kugombana nani aende wiki gani, kwa kuwa hawaruhusiwi wengi kwa pamoja, na Bi Shemsa akasimama kwenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki na bomba liko wazi. Nilifuta vikombe vilivyokuwa tayari vikavu. Baada ya muda alisema, bila kugeuka, kuwa Haidari amesikia habari za shairi na anataka kulisikia. Mambo ya chuoni, akasema, nitaamua nikitoka huko. Nimpe namba ya hati yangu ya kusafiria, anipange.

Jumatano, 3 Desemba

Ukungu tena. Nimepita langoni nikiwa upande wa lango. Hakukuwa na mtu.

Jumapili, 7 Desemba

Milka anataka kujua nitavaa nini. Nilimwambia naenda gerezani. "Si ndio nauliza," akasema. "Gereza ni outing kama outing nyingine." Ameninyoshea gauni la kijivu.

Jumanne, 9 Desemba

Karatasi haziruhusiwi kupita, kwa hiyo nililibeba shairi kichwani. Ukumbi ni kama mkahawa wa shule: meza fupi, viti vilivyofungwa sakafuni, mtoto analia, mwingine anakimbia. Bi Shemsa alinunua chai tatu.

Haidari ni mwembamba kuliko picha yake, na mcheshi. Husema Kiingereza, mama yake humsemesha Kiswahili, hakuna anayengoja mwenzake abadilishe, na hakuna kinachopotea. Aliniuliza kama mimi ndiye mshairi. Akamwambia mama yake kuwa wakimuuliza tena Aberdeen iko vipi awajibu baridi, na wenzake kazini wengi wana tabia mbaya. Bi Shemsa alimpiga kofi dogo la mkono. Walinzi walitazama, wakaona ni mama, wakaacha kutazama.

Kisha akaniambia niseme.

Nilisema polepole, macho juu ya kikombe. Sijawahi kusoma kwa watu wanaojua nusu zote mbili. Kwenye Kiswahili aliinamisha kichwa upande. Kwenye Kiingereza alitazama juu, mbali, kuelekea madirisha ya ukumbi yasiyoonyesha kitu. Bi Shemsa hakumtazama yeyote kati yetu. Nilimaliza na 'kama siye', na kelele za ukumbi zikarudi.

Haidari alisogeza kikombe chake kando. Kwa mara ya kwanza leo akajibu kwa Kiswahili, cha mtu anayekitumia kwa tahadhari, kama chombo cha wageni.

"Mama namuona," akasema. "Wewe nakuona, unavuka. Ukuta naujua. Sasa mimi niko wapi humo?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha na kujua huenda amelipita. Nilipitisha mistari yote sita kichwani, mara moja, mara mbili. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi kwa mama yake na nilikuwa nimeomba. Juu ya huyu sikuwahi kuwaza hata dakika moja. Shairi zima la gereza, na hakuna mtu ndani.

Nilimtazama Bi Shemsa. Alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari, na hakuwa na nia ya kuniokoa.

"Haumo," nikamwambia. "Sikuuliza."

"Basi uliza."

Nikamuuliza anaona nini akiamka. Alicheka, akasema hilo ni swali la mwalimu, kisha akaanza. Kuna kipande cha anga kisicho na umbo. Kuna paa la jiko, na kila asubuhi kabla ya mwanga ndege mmoja mrefu wa kijivu huja kusimama pale kwa mguu mmoja, proper serious, kama meneja, anawatazama wote, halafu anaondoka bila kula kitu. Hakujua jina lake kwa lugha yoyote. Mama yake akasema ni korongo. Haidari akalirudia neno, korongo, mara mbili, na akaendelea kutoka hapo, Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja, haraka sasa, jinsi korongo alivyokosekana siku tisa mwezi Oktoba na wafungwa wawili wakawekeana dau la biskuti, na alivyorudi na jengo zima likapiga kelele madirishani, na yeye, alisema, aliona haya kwa sababu alikuwa analia kwa ajili ya ndege. Hili hajamwambia mtu. Bi Shemsa aliacha kukoroga.

Sikuwa na kalamu. Hakuna aliyekuwa nayo. Nilisikiliza mpaka tulipoambiwa tusimame.

Nje kulikuwa kumeingia giza na Bi Shemsa alinishika mkono kuvuka barabara. Nilipofika nyumbani nilimwandikia Dk. Charanjit kwamba kesho sitasoma. Nimemwambia sababu moja tu: shairi limepungukiwa na mtu mmoja.